Kutu ya Ndani

Miaka thelathini na moja nimegonga mabati ya vivuko
pale chelezoni Igogo, nyundo ndogo mkononi,
sikio karibu na chuma.
Bati zima hulia ngee!
Lililoliwa hulia pu, kama debe lililolowa.
Rangi haisemi kitu. Rangi hudanganya hata wakaguzi.

Kwa hiyo Jumanne ile, maumivu yaliponichoma
katikati ya mabega, ghafla, kama patasi,
nilipaswa kujua.
Sikujua. Nilikaa juu ya mtungi wa gesi,
nikamwambia Sungwa azime moto.

"Vidonda vya tumbo," alisema mwenye duka la dawa.
"Vidonda," alisema shemeji, akaleta juisi ya kabichi.
Mbuke akanichemshia maziwa
nami nikayanywa yote, kwa utii,
huku mgongo ukipasuliwa kuni.

Kidonda kweli kilikuwepo.
Walikosea nyumba tu.

Kilimani, Bugando, wakanipima mkono wa kulia, kisha wa kushoto:
mia mbili na kumi juu ya mia na ishirini.
Moyo ukachorwa kwenye karatasi, ukaonekana mwema.
Dokta Kagemulo hakuridhika na wema huo.
Akaniuliza sigara ngapi kwa siku. Nikamtajia nusu.
Akaandika mara mbili.

Kisha ile pete kubwa inayozunguka.
Dawa ya kung'arisha damu ikaingia mshipani,
joto likashuka kooni, likapita tumboni,
hadi nikadhani nimejikojolea.
"Vuta pumzi. Ishike."
Nikaishika kama mpiga mbizi chini ya meli
anayetafuta tundu ambalo wenzake wamelisikia tu.

Akanionyesha. Mshipa mkuu, ule utokao moyoni
ukajipinda kama mpini wa bakora, ukafuata uti wa mgongo;
na ukutani mwake, upande wa kushoto,
kijishimo. Uyoga mdogo, mweupe,
shina ndani ya damu, kichwa ndani ya ukuta,
na pembeni kivuli cha damu iliyovujia
kati ya tabaka na tabaka.
"Mafuta yaliganda, yakawa magumu, yakachubuka," alisema.
"Damu ikaanza kuchimba."
Nikasema, "Kutu ya ndani."
Akanitazama kidogo. "Ndiyo. Limebaki tabaka la nje."
"Milimita ngapi?"
Hakujibu kama fundi.
"Usikohoe kwa nguvu," alisema. "Usijikamue chooni."

Tulifundishwa: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nani ajenge ukuta huu? Mimi huziba kwa moto,
na moto ndio wa kwanza kukatazwa.

Tone kwa tone dawa ikautuliza moyo:
kwanza mapigo, halafu shinikizo, kwa mpangilio huo,
maana, alieleza Sista Nyafungo akigeuza kigurudumu cha dripu,
kinachopasua si damu, ni kishindo chake.
Hamsini na nane kwa dakika. Mia na kumi na tano.
Nahodha anapunguza mwendo
ili bati bovu lifike gatini.

Lipo bomba la kitambaa na waya.
Hupitishwa pajani, likafunguka ndani kama mwavuli.
Lipo Dar, tena kwa bei ya boti na injini yake.
Mbuke alianza kuhesabu nani ana ng'ombe.

Siku ya tano wakanipiga picha tena: uyoga haujakua.
Siku ya kumi na nne: haujakua.
Dokta hakushangilia. Alisema "tusubiri"
kwa sauti ya mtu anayepandisha jiwe la pili
juu ya jiwe la kwanza.

Sasa nameza vidonge vitatu asubuhi, kimoja usiku.
Sungwa ndiye anayebeba mitungi.
Mimi nimeachiwa kiti, na nyundo.
Jana akaniletea bati, limepakwa buluu mpya, linang'aa.
Nikagonga. Pu.
Nikalichora duara kwa chaki,
halafu, sijui kwa nini, kiganja kikabaki kifuani
nikihesabu,
hamsini na tisa,
sitini.